Bakuli la Bibi Milembe

Kama unakula na huku umeshashiba, na unajua umeshashiba, na mkono bado unaenda sahanini, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sikuyaandika kwa ajili ya watu wa "si uache tu". Hao ninao wa kutosha katika ukoo, nikitaka mwingine nitamwagiza.

Naitwa Milembe. Ni jina la bibi yangu mzaa baba, aliyefariki baba akiwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Kwetu Usukumani mtoto akirithi jina la mtu hurithi na heshima yake, kwa hiyo baba yangu mzazi hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mayu, yaani mama. Nikiwa mtoto wa shule, kamasi puani, alikuwa akinisalimia asubuhi, "Mwangaluka, mayu," na mimi naitikia kama mtu mzima. Mdogo wangu Kabula alichapwa kwa makosa ambayo mimi nilisamehewa, maana nani atamchapa mama yake? Jambo hilo lilinifurahisha miaka yote. Baadaye nusura liniue.

Nina kibanda cha kushona Bariadi mjini, jirani na soko. Sina mume tena, na hilo halina uhusiano na ugonjwa wangu, ingawa wateja wangu wana maoni tofauti. Watu huniuliza ulianza lini, ulianzaje. Sijui. Najua tu kwamba kulikuwa na kipindi ambapo simu ilikuwa imeegemezwa kwenye cherehani ili nipate wa kunichangamsha, na ndani ya simu kulikuwa na watu wa nchi za mbali wanaokula sufuria nzima ya tambi mbele ya kamera. Nilikuwa nikiwatazama huku nakunja pindo. Mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwenye mfuko wa karanga. Karanga zikawa maandazi, maandazi yakawa wali maharage wa mama ntilie wa mlango wa pili. Nikimaliza sahani hiyo, navuka barabara kwenda kula nyingine kwa mama ntilie wa upande wa pili, ili yule wa kwanza asijue.

Kisha mteja mmoja akanionyesha kubeti. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga uwanja wa mpira nikawa najua ni nani kaumia goti huko Ulaya. Mechi ikisubiriwa, nakula kwa sababu ya roho juu. Timu ikifungwa, nakula kwa uchungu. Ikishinda, nakula vizuri zaidi. Nguo za harusi za watu zinalala mezani zimekatwa bila kushonwa, na mimi nawaambia umeme ulikatika.

Kwetu mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Nami nililea watatu hao kifuani. Chakula ni Kulwa, simu ni Doto, kubeti ni Shija. Ukimnyima mmoja, wenzake wawili wanalia kwa niaba yake hadi umpe. Nilipofuta ile programu ya kubeti, nilikula mikate mchana kutwa. Nilipojaribu kufunga kula, nilikesha na simu hadi macho yakawasha. Niliwahi kuacha yote kwa pamoja, asubuhi moja hivi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya mlango wa kibanda changu natafuna mchele mbichi kwa viganja.

Na mji mzima ulinisifu. Umenawiri, Milembe. Mambo yamekukubali. Huku kwetu mtu akinenepa hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Magoti yalikuwa yakiniuma nikipanda ngazi mbili za benki. Ngozi ya shingo ilifanya weusi usiotoka hata nikisugua. Nilikuwa na kiu ya kunywa ndoo, na mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulikufa ganzi hivi kwamba kandambili ilinichubua kidole wiki nzima bila mimi kujua. Kabula ndiye aliyekiona kidonda. Aliinama kuokota sindano akaganda pale chini. "Dada," akasema, "mguu wako unanuka."

Hivyo ndivyo nilivyolifahamu benchi la kliniki ya sukari. Ni la mbao, limelainika kwa makalio ya wenye subira, na asubuhi mnakaa hapo kwa kusogea, anayeingia akiingia wote mnasogea. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akija na mto wake mdogo wa kukalia. Aliponiona nahangaika na paja moja nje ya benchi, aliupasua mshono, akatoa nusu ya pamba iliyokuwa ndani, akaifunga ndani ya kitambaa chake cha jasho, akanipa nikalie. Hatukuwahi kuulizana majina. Kimto kile ninacho mpaka leo, nimekishona vizuri.

Nesi alikuwa akiuliza, "Umekula nini asubuhi?" Nami najibu, "Chai kavu tu, dada." Kisha ananidunga kidole, kile kimashine kinafikiri kidogo, na sote wawili tunakitazama kikinisuta. Hakina aibu wala undugu. Alinipa vidonge, akanieleza kipimo cha ugali kwa ngumi yangu mwenyewe, akanisafisha kidonda. Nilimshukuru kutoka moyoni. Nikatoka, nikapita kwa mama ntilie.

Kabula ndiye aliyeamua nipelekwe kijijini Sola, kwa baba. Aliifunga simu yangu kubwa kwenye kanga, akaifungia sandukuni kwake, akanipa kitochi kisicho na chochote ila namba yake. "Kule hakuna mama ntilie wala bando," alisema. "Watu wapo kwenye palizi ya pamba. Utapumzika, utapona." Alifikiria kila kitu isipokuwa baba.

Baba alikuwa amesimama uani ananisubiri. Alinipokea mzigo, akanitazama kutoka juu hadi chini, unene wote ule, na macho yake yakalengwa na machozi ya furaha. "Mayu," akasema, "wabeja kuja," ananishukuru kwa kuja.

Ni lazima nieleze anachokiona baba anaponitazama. Mwaka wa njaa, yeye na wadogo zake walibaki na mama yao na gunia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyovikausha juani. Kila bibi alipochemsha aliwapakulia watoto, na yeye alikaa pembeni akisema, "Mimi nimeshakula." Michembe iliisha. Asubuhi moja bibi hakuamka. Baba ni mtu wa kanisa, kila Jumapili yupo kwenye misa, lakini uani kwake kuna kijumba kidogo cha nyasi cha kutambikia, kimo cha kiuno, alichomjengea mama yake, na hakuna padri aliyewahi kumuuliza. Habari ya michembe hajawahi kuwasimulia ndugu zangu. Alinisimulia mimi tu, nikiwa binti, na alimalizia kwa kusema, "Wewe lakini unajua."

Siku za kwanza Sola zilikuwa mbaya. Kidole gumba changu kilisugua hewa chenyewe, kikitafuta simu. Niliwagombeza kwa kupumua tu watoto wa kaka yangu, anayeishi pale na baba. Doto na Shija walikuwa wamefungiwa sandukuni Bariadi, kwa hiyo Kulwa alikuja na njaa ya wote watatu. Kabula alikuwa amemweleza baba masharti ya hospitali neno kwa neno, na baba ni mtu wa kutii wataalamu. Alinipakulia mwenyewe, ugali wa ngumi moja, mboga nyingi, na alipoiweka sahani mbele yangu alitazama pembeni kama mtu anayetenda dhambi.

Ndipo nikasema. Mara ya kwanza nilisema kwa utani, sahani ikiwa tupu, nalamba mchuzi kidoleni. "Baba, huyu mama yako bado ana njaa."

Aliirudisha mtungini kata ya maji aliyokuwa ameishika. Lakini kesho yake nilimwona akipeleka bakuli kwenye kile kijumba: michembe iliyochemshwa, imepondewa karanga, inatoa mvuke. Kwangu hospitali imemkataza, ila kwa mama yake nani wa kumkataza? Aliliweka ndani, akasema maneno yake kwa Kisukuma cha zamani ambacho mimi siwezi kukifuata chote, kisha akabeba jembe akaenda palizi na wenzake wote. Nikabaki peke yangu uani na mguu wangu na kuku.

Nilivumilia mpaka jua lilipofika kichwani. Kisha nilikwenda.

Mlango wa kijumba ni mdogo, huwezi kuingia ila kwa magoti, na magoti yangu yalikuwa hayataki. Nilipiga magoti. Nikavuta bakuli. Michembe ilikuwa imepoa, sisimizi wamewahi upande mmoja, na mimi nilikula upande wa pili kisha nikala na upande wa sisimizi. Masikio yangu yalikuwa njiani kusikiliza kama kuna anayerudi. Njiani hakukuwa na mtu. Alikuwa nyuma yangu.

Sitabishana na mtu kuhusu hili. Daktari aliniambia sukari ikiwa juu akili huona vitu, na huenda ni kweli. Nakwambia tu nilichohisi: kulikuwa na mwanamke ameketi nyuma yangu, ameinamisha kichwa, hana haraka, anasubiri nimalize ndipo yeye ale. Na alikuwa anasema, bila sauti, mimi nimeshakula. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, na sikuacha kutafuna. Nililamba bakuli.

Jioni baba alirudi, akaenda moja kwa moja kijumbani, akatoka na bakuli tupu amelikumbatia. "Amepokea," akasema. Alikwenda zizini akiimba. Sijawahi kumsikia baba akiimba.

Kwa hiyo bakuli likaja kila siku, na kila siku likawa kubwa kidogo. Palizi ya kwanza ikaisha, ikaja ya pili. Wenzangu wakitoka shambani wananikuta nimelala kivulini na wananihurumia, maana nakula ngumi moja ya ugali na bado sipungui. Baba alianza kutembea wima. Alicheka na wajukuu. Nilijiambia kwamba namtendea wema, kwamba mzee amebeba deni la michembe ile tangu utotoni na mimi ndiye ninayemtua mzigo. Mtu aliyekamatwa na ugonjwa huu ni wakili mzuri, hajawahi kushindwa kesi yake. Lakini kila adhuhuri nilipopiga magoti pale, yule wa nyuma alikuwa amesogea karibu zaidi. Mwishoni nilikuwa nikimsikia akimeza mate.

Mguu ulioza polepole. Nilikuwa nimeuzungushia bandeji na juu yake kitambaa cha kanga, sikutaka kuufungua. Siku niliyoanguka ilikuwa asubuhi, nikienda kuoga. Wakanikuta nimelala na ndoo, nazungumza na mtu. Kaka yangu akatafuta gari, Kabula akatupokea Bariadi kwenye lango la hospitali akiwa na viatu viwili visivyofanana, kavaa bila kutazama. Madaktari walikata vidole viwili vya mguu wa kulia, kidole gumba na jirani yake. Waliniambia mguu mzima unategemea sukari yangu na kinywa changu, na kwamba wao wana kisu tu.

Wodini nilipata rehema ndogondogo ambazo sijazisahau. Mhudumu wa usafi aliyekuwa akipiga deki kuzunguka kitanda changu polepole, makusudi, nisibaki peke yangu na mguu ule. Dirisha lililoonyesha mvua ikija kutoka upande wa Busega. Nesi wa ushauri aliyekuja kuketi nami, na nilipomwambia habari za Kulwa, Doto na Shija hakucheka. Aliuliza, "Na nani anawapikia?"

Nilikuwa bado nalifikiria swali lake baba alipofika kutoka Sola. Alikuwa amebeba sufuria limefungwa kwa kitenge, la moto bado, sijui alilishikaje njia yote ile. Alisalimia wagonjwa wote kitanda kwa kitanda kama ilivyo adabu. Kisha akaketi kwangu, akaliweka mapajani.

"Mwangaluka, mayu. Tangu uondoke bakuli linabaki limejaa," akasema. "Nimeona nilete."

Harufu ya michembe na karanga ilitoka kwenye kitenge kile na mate yakanijaa mdomoni. Mguu wangu umekatwa vidole, kidonda kibichi, na mate yalinijaa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Nikajua nikinyamaza nitalila sufuria lile, na baba atarudi Sola akiimba, na atakuja tena, na watakata tena. Na nikisema, nitamuua mama yake mara ya pili mbele ya wagonjwa.

"Baba," nikasema, "lile bakuli nilikuwa nakula mimi."

Alikuwa anafungua fundo la kitenge. Hakuacha. "Najua," akasema.

Kabula alikuwa amesimama upande wa kichwani pa kitanda changu.

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili. Mavumbini pale kulikuwa na unyayo wa mguu mmoja, na mwingine umefungwa kitambaa." Alitazama mikono yake. "Mama yangu hakuwa na bandeji."

"Sasa kwa nini uliendelea kuleta?"

Alimaliza kulifungua fundo. "Mara ya kwanza nilikuwa mtoto," akasema. "Nilikula nikamaliza, sikumuuliza yeye amekula nini. Uliponiambia ana njaa, nikasema safari hii siulizi kitu. Nampa tu."

Kabula alilia kwa hasira. "Mmoja analisha, mmoja anakula, na mguu unaoza! Mimi nimefungia simu sandukuni kama mjinga. Baba, huyu si mama yako. Huyu ni Milembe, dada yangu, anakufa." Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani kutupa nafasi. Kabula ni mtu aliyechapwa kwa makosa ya wote wawili utotoni, na nilisikia katika sauti ile viboko vyote.

Baba alifunga tena lile fundo. Alisimama na sufuria, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona akiwagawia michembe ndugu wa wagonjwa waliokuwa wameketi kwenye nyasi, kiganja kwa kiganja, mpaka ikaisha. Alirudi na sufuria tupu. Uso wake ulikuwa umezeeka. Aliniwekea mkono kichwani, jambo ambalo mtu hamfanyii mama yake, akasema, "Ng'wanone, lala."

Ng'wanone ni mwanangu. Nilikuwa nimeishi zaidi ya nusu ya maisha yangu bila kuitwa hivyo na baba yangu. Nililia kama mfiwa, na sikudanganyi, sehemu ya kilio kile ilikuwa ni wivu. Nilitaka nirudishiwe kuitwa mayu.

Tangu wakati huo pamba imevunwa, imelimwa tena, imevunwa tena. Nimepungua, siyo kama wale wa kwenye matangazo. Benchi la kliniki bado nalisogelea kila zamu yangu inapofika, na kimashine siku nyingine kinanisifu. Tunaketi watu wachache na yule nesi wa ushauri baada ya kliniki, mmoja wetu ni kijana wa kubeti, mwingine ni mama anayetafuna mchele mbichi kama nilivyotafuna mimi, na hatupeani dawa, tunaambiana tu tulichofanya wiki hiyo. Bado natumia kitochi. Nikipita mbele ya kibanda cha kubeti mguu uliokatwa vidole unawasha. Wale watatu hawajafa, wamelala, na usingizi wao ni mwepesi. Usiamini anayekwambia wake wamekufa.

Jambo lililonishikilia ni dogo, na mbele ya wageni ni aibu. Mwaka jana baada ya mavuno tulikutanika Sola, ukoo mzima, shangazi zangu wapo. Kwetu mwenyeji humsihi mgeni aongeze, na anayesihiwa hakatai. Nilimaliza ngumi yangu. Shangazi akaninyanyulia bakuli, "Ongeza, mayu, umekonda." Mkono wangu ukaenda. Baba aliinuka kwenye kigoda chake, akapita katikati ya wageni, akaiondoa sahani mikononi mwangu.

"Ng'wanone ameshiba," akawaambia.

Shangazi zangu walitazamana. Kumnyang'anya mtu chakula mbele za watu, tena mwenye jina la mama yako! Baba aliketi na sahani yangu mapajani mpaka watu walipomaliza kula.

Asubuhi yake alinichukua tukaenda kijumbani, yeye na mimi. Aliweka bakuli la michembe. Nilipiga magoti kwa shida, na kwa mara ya kwanza maishani nikasema neno lile kwa mwenye jina. "Mwangaluka, mayu." Sikuhisi mtu nyuma yangu. Nilihisi yupo mbele, ndani ya kile kigiza kidogo, ananitazama, na sikujua kama amenisamehe. Mpaka leo sijui.

Tulirudi pale jua lilipokuwa limepanda. Bakuli lilikuwa limejaa vilevile, mvuke tu ndio umekwisha.

"Hakula," nikasema.

"Amekula," baba akajibu. "Aliyeshiba huacha."

Nikalitazama lile bakuli lililojaa, nikalitazama, mpaka baba akanishika mkono tukaondoka.